Daraja Lisilo na Nyumba

Mpenzi msomaji, mwezi huu sikuletei vidokezo kumi vya kumteka upya mwenzi wako. Nina habari ya kufuli. Kufuli la kawaida tu, la rangi ya dhahabu, nililolinunua Kariakoo kwa shilingi 8,000. Nikampelekea fundi wa kuchonga mihuri, akaniandikia herufi za mwanzo za majina yetu na mwaka tuliofunga ndoa, 2017. Nikalifunga ndani ya kanga, nikalitia kwenye begi, nikasafiri nalo mpaka Paris, Ufaransa. Nilikuwa na lengo moja tu: nilitundike kwenye daraja juu ya mto Seine, nitupe ufunguo majini, halafu nirudi nyumbani nikiwa bado mke wa mtu.

Nasema "bado" kwa sababu siku zile sikuwa na hakika.

Ilikuwa Oktoba 2022. Mume wangu ni mhandisi wa majengo, na ofisi yake ilimpeleka Paris kwenye kozi ya wiki mbili. Miezi mitano kabla tulikuwa tumepanga nimfuate ile wiki ya mwisho, iwe fungate yetu, maana fungate ya kweli hatukuipata. Si unajua tena harusi zetu. Siku ya tatu baada ya sherehe tulikuwa na wageni saba sebuleni, na mimi niko jikoni na hina yangu mikononi, napika pilau la watu kumi. Basi tukajibana, tukanunua tiketi mapema, zile za bei nafuu ambazo ukighairi hela hairudi.

Kama si tiketi ile isiyorudishwa, nadhani nisingekuwa naandika haya. Wiki tatu kabla ya safari yake, mume wangu alikwenda benki kutoa hela ya nondo na simenti. Tuna kiwanja Kigamboni, na msingi ulikuwa umeshasimama. Akakuta akaunti yetu ya ujenzi imepungua milioni 6.

Niliyezitoa ni mimi.

Kaka yangu alikuwa amekopa kwa watu wasiokopesheka, wadai wamefika mpaka mlangoni, mama analia kwenye simu saa nane za usiku. Akaunti ilikuwa ya majina mawili, ila saini ya mmoja ilitosha. Nikajiambia damu ni nzito kuliko maji. Nikajiambia pia kwamba nitazirudisha kabla hajajua. Miezi minne ikapita nikijiambia.

Jamani, mume wangu hakufoka. Angefoka ningejua pa kuanzia. Alichofanya ni kuanza kuniita "mama". Tangu uchumba alikuwa ananiita kwa jina langu la utani, lile la utotoni ambalo nyumbani kwetu wanalijua watu wachache. Sasa ikawa "mama, chakula tayari?" "Mama, naomba chaja." Kwa heshima kabisa, kama unavyomwita mteja dukani. Ukisikia heshima ya namna hiyo kutoka kwa mtu unayelala naye kitanda kimoja, ujue pamechimbika.

Daraja la vioo

Siku ya pili baada ya kufika nikamwomba twende kwenye lile daraja maarufu la wapendanao, Pont des Arts. Nilikuwa nimeona picha zake kibao: uzio mzima umefunikwa na makufuli, huwezi hata kuona chuma. Tukafika. Uzio wote ni kioo. Kioo safi, kinang'aa, huna hata pa kushikiza kipini cha nywele.

Kumbe makufuli yalishaondolewa zamani. Juni 2014 sehemu ya uzio iliporomoka kwa ule uzito, na mwezi kama huo mwaka 2015 jiji likaamua kuyang'oa yote, tani zipatazo 45. Wakaweka vioo ili mtu asipate pa kutundika tena. Na mimi, mhariri, ninayewakaripia waandishi wangu kila siku kwa kutohakiki habari, nilikuwa nimesafiri bara zima bila kuhakiki.

Nikalitoa kufuli kwenye mkoba, sijui kwa nini. Labda nilitaka alione, ajue kwamba nilikuwa na nia. Alilishika, akaligeuza, akasoma zile herufi. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi mzima. Kicheko hakikuwa kizuri.

"Mwizi ameshatoka na mali, mama. Sasa ndio unaleta kufuli?"

Nikamnyang'anya, nikaanza kutembea. Sikujua naelekea wapi. Upepo wa mtoni ulikuwa unapenya mpaka kwenye mifupa, na koti langu la mtumba lilikuwa linapendeza kuliko linavyosaidia. Nilisikia hatua zake nyuma yangu. Hakuniita, ila hakuniacha. Baada ya dakika kama tano nikafika kwenye daraja lingine, nikapanda, na miguu ilipochoka nikakaa.

Baraza la mawe

Daraja lile linaitwa Pont Neuf, maana yake Daraja Jipya. Usidanganywe na jina. Ndilo kongwe kuliko madaraja yote yaliyosimama Paris hivi leo. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka 1578, miaka 15 kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, na likakamilika mwaka 1607. Ni la mawe matupu, urefu wake mita 232, na limepita kwenye ncha ya kisiwa kilicho katikati ya mto, hivyo limegawanyika mara mbili: upande mmoja matao saba, upande wa pili matao matano.

Nilipokaa mimi ni mahali ambapo ukuta wa daraja umetokeza nje, juu ya nguzo, kwa umbo la nusu duara. Ndani yake kuna benchi la mawe linalozunguka. Ziko sehemu kama hizo juu ya kila nguzo, kushoto na kulia. Bibi yangu wa Pangani angeziona asingeuliza mara mbili: hilo ni baraza. Watu wanapita, magari yanapita, wewe umekaa pembeni, uko darajani lakini hauko njiani.

Mume wangu akaja akakaa. Si karibu yangu, upande wa pili wa ile nusu duara, kiasi kwamba tulikuwa tunatazamana tukitaka tusitake. Tukakaa kimya kama robo saa. Boti ya watalii ikapita chini, watu wakapunga mikono. Hakuna aliyewajibu.

Sasa mwenzangu, ukiolewa na mhandisi kuna jambo moja utalijua: anaweza kukununia wewe, ila hawezi kulinunia jengo. Akainuka, akainama juu ya ukuta kutazama chini ya tao. Akapapasa mawe. Akapapasa tena.

"Hakuna hata nondo moja," akasema. Hakuniambia mimi, aliliambia daraja.

Nikauliza, "Sasa limesimama na nini?"

"Na kuanguka." Akageuka. "Kila jiwe hapo linataka kuanguka. Ila likitaka kuanguka linamkuta mwenzake, naye anataka kuanguka kwa upande wake. Wanazuiana. Uzito unashuka mpaka kwenye nguzo, nguzo inaupeleka chini. Ndio tao hilo."

Akaendelea, mikono yake ikijenga hewani. Kwamba wakati wa ujenzi huwezi kuliacha tao lijishike lenyewe. Unaweka mirunda na shataringi chini, unapanga mawe kutoka pande zote mbili mpaka yakaribiane juu, unatia jiwe la mwisho pale katikati, la kufungia. Baada ya hapo ndipo unatoa mirunda.

"Na ukitoa kabla ya jiwe la mwisho?"

"Yote mtoni."

Tukanyamaza tena. Lakini kimya hiki cha pili hakikuwa sawa na kile cha kwanza.

Nyumba juu ya maji

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimesoma habari za Paris kwa miezi, nikidhani nitaandika makala ya utalii, na vitabu nilivisoma vizuri kuliko nilivyohakiki habari za kufuli. Nikamweleza kwamba daraja hili lilianza vibaya. Inasimuliwa kuwa siku Mfalme Henri III alipokuja kuweka jiwe la msingi, alikuwa ametoka kuwazika vipenzi wake, machozi yakimtiririka mbele za watu, na wenye maneno yao wakasema basi liitwe Daraja la Machozi. Miaka kumi baadaye, 1588, vita vya kidini vikakolea, ujenzi ukasimama. Nguzo zikakaa majini zaidi ya miaka 10 bila mtu kuongeza jiwe. Mwaka 1599 ndipo mfalme mwingine, Henri IV, akawarudisha mafundi kazini.

"Miaka yote hiyo nguzo zilikuwa zinangoja?" akauliza.

"Zilikuwa zinangoja."

Halafu nikamweleza habari ya nyumba, ambayo mimi mwenyewe wakati naisoma niliiona kama kichekesho tu. Zamani zile madaraja ya Paris yalijengwa nyumba juu yake. Nyumba kweli, za ghorofa, pande zote mbili, zimebanana, chini maduka na juu familia zinalala. Daraja moja la mbao, Notre-Dame, lilianguka mwaka 1499 na nyumba zake zote. Wakajenga la mawe mahali pale pale, wakapandisha nyumba tena! Daraja hili nalo lilipangwa kubeba nyumba. Ni Henri IV aliyekataa, kwa sababu zingemziba asione vizuri kasri lake la Louvre. Kwa hiyo likawa daraja la kwanza la mawe Paris lisilo na nyumba. Wakaweka na njia za pembeni zilizoinuliwa, mtembea kwa miguu asirushiwe tope na magari ya farasi. Watu wakaja si kuvuka tu, wakaja kusimama. Wakaja waimbaji, wauza vitabu, mpaka wang'oa meno wa barabarani.

Mume wangu alikuwa ananisikiliza huku amekunja uso, vile anavyofanya akiwa anapiga hesabu.

"Subiri. Kwa hiyo kabla ya hapo mtu alikuwa anavuka mto bila kujua yuko juu ya mto?"

"Ndiyo. Anaona maduka tu kushoto na kulia. Kama uko mtaani."

Akatazama maji muda mrefu.

"Kama sisi," akasema.

Mpenzi msomaji, nimehudhuria semina za ndoa tatu, nimehariri safu za mahusiano zisizo na idadi, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza ndoa yangu kwa maneno mawili namna ile.

Maana hesabu mwenyewe. Tangu wiki ya kwanza tuliishi na wadogo zake wawili. Mwaka wa pili akaja binamu yangu aliyepata chuo Dar. Kukawa na mkopo wa ushirika wa akiba na mikopo kazini kwake, na mkopo mwingine kazini kwangu. Kukawa na michango: mwaka mmoja tulihesabu kadi za harusi 11, achilia mbali misiba. Kukawa na kiwanja, na mafundi wa kiwanja, na mchanga wa kiwanja. Kukawa na presha ya mama. Kukawa na simu mbili, na makundi ya simu ambayo kila moja lina mweka hazina. Tulikuwa tunaongea kila siku, tena sana: nani alipiwe ada, nani amtumie nani, nani aende kwenye kikao. Ukitusikia ungesema hawa watu wana mawasiliano mazuri. Nina shahada ya mawasiliano, na mimi pia nilidhani hivyo.

Zile zote zilikuwa nyumba. Na sisemi nyumba ni mbaya. Mle ndani wanaishi watu tunaowapenda. Ila tulikuwa tunavuka kila siku, mimi kwenda kwake na yeye kuja kwangu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaona maji.

Chumba cha Sinza

Nilidhani baada ya maneno yale tutakumbatiana kama kwenye filamu. Hapana. Tulianza kugombana upya, safari hii kwa sauti.

Nikamwambia, "Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ni kaka yangu!"

"Ungeniambia ningekataa," akasema. "Ningekataa, ungelia siku mbili, ningetoa. Unanijua. Ndivyo ningefanya. Lakini hukunipa hata nafasi ya kukataa. Nimeambiwa na karatasi ya benki."

"Ningekuambia saa ngapi? Wapi? Kila chumba kina mtu!"

Hapo akanyamaza. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama, "Nilishaangalia chumba Sinza."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema habari za kazi. Halafu nikaelewa, na ule upepo wa mtoni ukawa si kitu tena. Mume wangu, kabla hajapanda ndege kuja kozini, alikuwa amekwenda Sinza na dalali, akaonyeshwa chumba kimoja na choo ndani, cha mtu anayeishi peke yake.

Unajua mdomo ulinitoka nini? "Umeshalipia?"

"Bado."

"Walitaka kodi ya miezi mingapi?"

"Sita."

Sijui nani alianza kucheka. Tulicheka mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake akasimama kutuangalia. Nikalia pia, palepale katikati ya kicheko. Yeye hakulia, ila alihama upande wake wa baraza akaja wangu, akaniita kwa lile jina langu. Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimeshamwambia samahani mara nyingi wiki zile, kwa meseji, kwa chakula, kwa kumpigia pasi mashati. Ila ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ninaisema bila kuiwekea "lakini kaka yangu" mbele yake.

Siku nne zilizobaki hatukwenda kuona mambo mengi. Kila jioni tulinunua chapati zao nyembamba zilizopakwa chokoleti, tukarudi kwenye baraza letu la mawe. Tukajiwekea sharti: saa ya kwanza marufuku kumtaja mtu wa tatu. Ndugu hapana, fundi hapana, bosi hapana. Jioni ya kwanza, wapenzi wasomaji, tuliishiwa maneno baada ya dakika kumi. Watu wazima wawili, miaka mitano ya ndoa, tumekaa tunatazama maji, hatuna la kusema. Niliogopa kuliko siku ile ya benki. Jioni ya tatu akanisimulia habari za utotoni mwake ambazo sikuwahi kuzisikia, na giza likatukuta palepale.

Vibanda hurudi

Ningeweza kuishia hapo, makala ikawa tamu. Lakini kuna sehemu ya historia ya daraja lile ambayo sikumwambia siku ile, kwa sababu niliogopa kuharibu hali ya hewa.

Vibanda vilirudi. Daraja lile lile lililokataa nyumba, katika karne ya 18 lilijengewa vibanda vya mawe ndani ya zile nusu duara, humo humo kwenye baraza, vikapangishwa kwa wafanyabiashara. Vilikaa zaidi ya miaka 70, mpaka ulipofanyika ukarabati mkubwa katikati ya karne ya 19 ndipo vikaondolewa. Wakati huo huo matao mengi yalijengwa upya. Na ukarabati haukuishia hapo: mwaka 1994 mafundi walirudi tena, wakaenda tao kwa tao, wakamaliza mwaka 2007, daraja linatimiza miaka 400. Wafaransa wana msemo wao, mtu akiwa na afya ya chuma wanasema yuko kama Pont Neuf. Basi afya yenyewe ndiyo hiyo, ya kutibiwa kila baada ya muda.

Na kuna jambo lingine nalipenda. Mwaka 1985 wasanii wawili, Christo na mkewe Jeanne-Claude, waliozaliwa siku moja ya mwaka mmoja, walilifunika daraja lote kwa kitambaa, zaidi ya mita za mraba 40,000. Walihangaika miaka 10 kuomba kibali, kwa ajili ya siku 14 tu. Watu wapatao milioni 3 walikuja kuliona, wakiwamo waliokuwa wanalivuka maisha yao yote bila kulitazama.

Kwetu vibanda vilirudi ndani ya mwezi mmoja. Tulishuka uwanja wa ndege tumeshikana mikono, na kabla hatujafika nyumbani simu zilishalia mara nne. Kuna wiki nzima za Novemba ambazo sikumbuki kama tuliongea zaidi ya ada na maji ya bomba. Tofauti ni kwamba sasa tulikuwa tunajua tunachokikosa, na mmoja wetu akisema "jamani, vibanda," mwenzake anaelewa.

Hatukumfukuza mtu. Mdogo wake mkubwa alipata kazi akahama mwenyewe, yule mdogo yupo mpaka leo, na binamu yangu alihamia hosteli ya chuo. Akaunti ya ujenzi tuliibadilisha ikawa ya saini mbili, na aliyekwenda kujaza fomu benki ni mimi. Nawashauri wanandoa wenzangu mfanye hivyo mapema, mkiwa mnapendana, siyo mkishagombana. Kaka yangu analipa. Amesharudisha milioni moja na nusu, kwa maumivu makubwa, na kila akituma namwonyesha mume wangu meseji siku hiyo hiyo.

Na Alhamisi jioni tunakaa baraza. Baraza lenyewe ni viti viwili vya plastiki nyuma ya nyumba, karibu na tenki la maji. Simu zinabaki ndani. Saa ya kwanza marufuku mtu wa tatu. Kuna Alhamisi zinatushinda, mvua ikinyesha au mgeni akija, au mmoja amenuna. Tukikosa wiki mbili, ya tatu tunakwenda hata kwa mwavuli.

Wewe je? Kwenye daraja lenu kuna nyumba ngapi? Usikimbilie kuzibomoa, utawaumiza waliomo. Tafuteni kwanza mahali pamoja ambapo mnaweza kusimama mkayaona maji.

Lile kufuli nilirudi nalo. Sasa hivi liko Kigamboni, kwenye mlango wa stoo ya simenti. Juzi fundi aliniuliza hizi herufi maana yake nini, nikamwambia ni kampuni. Funguo ziko mbili. Mmoja anao yeye, na mmoja ninao mimi.